Kliniki Haiishi: Namna ya Kutunza Moyo Baada ya Kupandikizwa Ini

Ukishapandikizwa ini, kliniki haiishi. Wiki za mwanzo utatolewa damu hata mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha kila baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Mambo yakitulia itakuwa kila baada ya miezi mitatu au zaidi, maisha yako yote. Tunaelezwa haya kabla ya upasuaji na tunaitikia kwa kichwa, maana mtu mwenye tumbo lililojaa maji na macho ya manjano huitikia lolote. Uzito wake huja kuhisiwa baadaye, ukiwa nyumbani, mashavu yamejaa, majirani wamekuja kukupa pole na hongera kwa pamoja, halafu tarehe ya kliniki inakaribia na usingizi unakukimbia.

Mwongozo huu ni wa siku hizo. Ninauandika nikiwa mmoja wenu, mtu aliyegawiwa ini na kaka yake, akafanyiwa upasuaji India kama wengi wa huku kwetu, na ambaye bado hukunja mkono wa shati kila tarehe inapofika. Kila ninachosema hapa kuhusu dawa na vipimo kilinganishe na maneno ya daktari wako, kwa kuwa yeye ndiye mwenye faili lako.

Ninaloamini ni kwamba moyo wa kwenda kliniki haupatikani kwa kujilazimisha kutabasamu. Unapatikana kwa kujua kila kipimo kinatafuta nini, na kwa kuwa na kazi ya kufanya kabla ya kwenda, ukiwa pale, na ukisharudi. Anayejua naye huogopa, ila woga wake una mwisho.

Vipimo vinatafuta nini

Kinga ya mwili wako inalitambua ini hili kuwa la mtu mwingine, na haitasahau. Dawa za kushusha kinga unazomeza asubuhi na usiku ndizo zinazoizuia isilishambulie. Kabla dawa nzuri hazijapatikana, ustadi wa mikono ya wapasuaji haukutosha. Daktari Mmarekani Thomas Starzl alijaribu kumpandikiza mtu ini kwa mara ya kwanza mwaka 1963 mjini Denver, na mgonjwa wake, mtoto mdogo, hakutoka hai. Ilipofika 1967 ndipo wagonjwa wake walipoanza kuvuka mwaka mmoja. Mwaka 1984 watafiti wa Japani walipata, kutoka kwa bakteria wa udongo uliochotwa karibu na mlima Tsukuba, kemikali iliyokuja kuwa takrolimasi, dawa ambayo huenda iko kabatini mwako sasa hivi. Mwaka 1989 Starzl na wenzake wa Pittsburgh wakaanza kuwapa dawa hiyo waliopandikizwa ini. Leo, katika hospitali zenye uzoefu, takriban watu tisa katika kila kumi huwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji, na wengi huendelea miaka kumi, ishirini na zaidi. Huko India, mtoto wa kwanza kupandikizwa ini kwa mafanikio alikuwa na umri wa miezi 20, mjini Delhi, mwaka 1998. Alikua, akasoma, akawa daktari. Ninakutajia haya kwa kuwa usiku wa kuamkia kliniki akili hupenda kuhesabu waliokufa tu. Hawa nao wahesabu.

Takrolimasi ina nafasi finyu sana ya kufanyia kazi. Ikipungua kwenye damu, mwili huanza kulikataa ini. Ikizidi, huumiza figo, hutetemesha mikono, huleta maumivu ya kichwa na kupandisha sukari na shinikizo la damu. Hakuna awezaye kujua kiwango chake kwa kujisikia tu, hata awe makini vipi na mwili wake. Nahodha hutupa bildi majini chombo kikiwa kizima kabisa, ajue kina kabla mkuku haujagusa mwamba, na damu unayotolewa ina kazi hiyohiyo. Tatizo lililoonekana kwenye karatasi kabla hujalihisi mwilini ndilo jepesi kutibika. Ukilielewa hili mpaka likakuingia, hata majibu yasiyopendeza utayapokea vingine, maana utajua kwamba umekuja kwa ajili hiyo na kliniki imefanya kazi yake.

Kwenye karatasi ya majibu, ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovujia kwenye damu seli za ini zikiumia. ALP, GGT na bilirubini huzungumzia zaidi njia ya nyongo, ambayo kwa sisi tuliopewa kipande cha ini na ndugu aliye hai huweza kubana baada ya miezi kadhaa, na mara nyingi hupanuliwa kwa kupitisha mpira mwembamba kutoka mdomoni bila kupasuliwa tena. Albumini na INR huonyesha ini linavyofanya kazi yake. Kreatinini ni ya figo. Alitrasaundi ya Doppler huangalia kama damu inapita vizuri kwenye mshipa mkuu wa ateri na wa vena unaoingia ini. Huhitaji kukariri. Lakini ukijua hivi tu, karatasi itaacha kuwa jedwali la vitisho.

Siku mbili kabla

Panga tarehe kwa akili. Ukiweza kuchagua, toa damu Jumatatu au Jumanne. Ukitoa Ijumaa, huenda ukakaa siku mbili na majibu nusu nusu, daktari hapatikani, na wewe umekaa na namba moja usiyojua maana yake. Kama majibu yako husomwa Delhi au Chennai, kumbuka India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Ofisi zao zikifunga jioni, huku kwetu bado ni saa nane na nusu mchana. Majibu uliyoyatuma alasiri hayatajibiwa mpaka kesho, na ukimya huo hauna uhusiano wowote na ubaya wa hali yako. Wengi wetu tumelia usiku kucha kwa ukimya wa ofisi iliyofungwa.

Kipimo cha kiwango cha takrolimasi hutolewa kabla ya kumeza dozi ya asubuhi, takriban saa kumi na mbili baada ya dozi ya usiku. Ukimeza kwanza ndipo ukatolewa damu, namba itapanda kwa uongo, utaogopeshwa bure, na pengine utapunguziwa dawa ambayo ilikuwa sawa. Basi siku hiyo dozi ya asubuhi itie mfukoni au kwenye mkoba, uimeze sindano ikishatoka. Hapa kuna jambo la saa ambalo ndugu zetu hukosea. Karatasi ya hospitali ikiandika 8 AM na 8 PM, kwetu ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Bibi anayekukumbusha dawa asije akakupa saa nane mchana. Muandikie kwa saa za kwetu, kwa herufi kubwa, ubandike kwenye mlango wa kabati.

Nunua daftari, la karatasi, lile la shule linatosha. Ukurasa mmoja kwa kila kliniki: tarehe, ALT, bilirubini, kreatinini, kiwango cha dawa, dozi uliyokuwa unameza, na mstari mmoja wa namna ulivyojisikia wiki hiyo. Watu huniuliza kwa nini wasitumie simu. Simu hupotea, huibiwa, huishiwa chaji mbele ya daktari. Na mkono unapoandika, akili hutulia. Baada ya mwaka utakuwa na kitu ambacho hata daktari mgeni atakishukuru. Wewe mwenyewe utaona kwamba ALT iliyokunyima usingizi mwezi wa tatu ilishuka yenyewe mwezi wa nne. Hakuna maneno ya kufariji yenye nguvu kuliko ukurasa wako mwenyewe.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, andaa mkoba mapema: dawa, daftari, kadi ya bima, maji, kitu cha kula baada ya damu, shuka au kitenge kwa ajili ya baridi ya vyumba vyenye kiyoyozi. Kisha acha kuzungumzia kliniki. Kama nyumba ni ya sala, saleni mlale. Usiingie mtandaoni kusoma habari za watu ambao miili yao ililikataa ini. Nimewaona watu wenye afya nzuri wakifika mapokezi wamechoka kuliko wagonjwa, kwa sababu ya simu tu.

Msindikizaji na foleni

Usiende peke yako kama una namna, hasa mwaka wa kwanza. Lakini mchague wa kwenda naye. Anayefaa si lazima awe anayekupenda zaidi. Mama aliyekuuguza ukiwa mahututi anaweza kuwa mtu wa kukaa nyumbani siku hiyo, kwa kuwa kila mlango ukifunguliwa anashtuka na mshtuko wake unakuingia wewe. Shemeji mtulivu anayejua kukaa kimya, kuuliza swali moja na kuandika jibu, huyo ndiye. Mwambie mapema kazi yake ni nini: asikilize, aandike, asikujibie.

Foleni itakuwepo. Shika kitu mkononi: ukili wa kusuka, uzi wa kufuma, kitabu, tasbihi au rozari. Mikono yenye kazi huufundisha moyo kutulia. Kunywa maji ya kutosha asubuhi ili mishipa ionekane, na kama mkono mmoja umechoka kwa sindano, mwambie wa maabara bila aibu: sista, naomba mkono huu, na sindano ndogo kama ipo. Vaa barakoa kwenye kumbi zilizojaa wakohozi. Watu wakikutazama, waache watazame.

Ukifika mbele ya daktari, dakika zako ni chache, kwa hiyo ingia na maswali matatu yaliyoandikwa, la muhimu zaidi likiwa la kwanza. Sisi tumelelewa kumheshimu daktari kwa kunyamaza, na heshima hiyo imetugharimu. Unaweza kuuliza kwa adabu kabisa: samahani daktari, naomba kuelewa, namba hii ilikuwa ngapi mara iliyopita? Mweleze pia usiyoyapenda kueleza. Kama ulikosa dozi, sema. Kama ulikunywa mizizi aliyokuletea mama mdogo, sema. Daktari anayeona kiwango kimeshuka bila kuambiwa ukweli ataongeza dozi, nawe utaumia kwa dawa ambayo hukuihitaji.

Siku za kusubiri majibu

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Damu ikishatoka hakuna unachoweza kufanya kubadili majibu, na bado mwili unakaa kama unaosubiri kupigwa. Tumbo linauma upande wa kovu. Unajitazama macho kwenye kioo cha bafuni, kwenye kioo cha gari, kwenye simu. Unaukagua mkojo. Haya hutupata karibu sote, na hayamaanishi imani yako ni ndogo wala kwamba huna shukrani. Umewahi kukaribia kufa, na mwili unakumbuka.

Jambo la kwanza ni kuuliza, kabla hujatoka hospitalini, majibu yatatoka lini na nani atakupigia. Vipimo vya kawaida vya ini na figo mara nyingi hutoka siku hiyohiyo. Kiwango cha takrolimasi huweza kuchukua siku zaidi kama damu hupelekwa maabara ya mji mwingine. Woga usio na tarehe hujaa nyumba nzima. Ukiambiwa majibu ni Jumatano mchana, una ruhusa ya kutoyangoja Jumanne.

La pili, upe woga saa yake. Chagua nusu saa kwa siku, kwa mfano baada ya magharibi, ukae na mtu mmoja unayemwamini umweleze yote: kwamba unaogopa kurudi Delhi, unaogopa pesa za watu, unaogopa kuwaacha watoto. Yaseme kwa majina yake. Woga uliofichwa huongezeka usiku, na uliosemwa kwa sauti mara nyingi huonekana kuwa na mipaka. Nusu saa ikiisha, inuka ukafanye jambo la mikono, kumwagilia bustani, kukuna nazi, kukokotoa hesabu za duka. Mtu atakayekwambia “usiwaze” anakupenda, lakini hajawahi kusubiri kipimo.

La tatu ni la jamaa na marafiki. Wengi wetu tumepandikizwa kwa michango. Ukoo ulikaa, harambee ikapigwa, msikiti au kanisa likachanga, wenzako wa kazini wakakatwa mishahara. Wote hao wanataka habari, na wana haki ya kutaka. Tatizo ni kwamba mtu aliyechangiwa hujiona ana wajibu wa kuonekana mzima kila wakati, kana kwamba akiwa na homa amewadhulumu. Huo ni mzigo ambao hawakukutwika. Walichangia uishi, na kuishi na ini jipya ndiko huku, pamoja na kliniki zake na siku zake mbaya. Chagua msemaji mmoja, ndugu yako yeyote mwenye maneno machache, aandike kwenye kundi la WhatsApp: ametoka kliniki salama, majibu ni Jumatano, msimpigie, nitawajulisha. Utashangaa jinsi simu sitini zisizopigwa zinavyoponya.

Na huyo aliyekugawia ini? Kwetu huwa ni kaka, dada, mwana, mke, maana sheria ya India ya mwaka 1994 inataka mtoaji aliye hai awe ndugu wa karibu, na asiye ndugu hupitia kamati ya idhini. Ini la mtoaji hukua tena na kukaribia ukubwa wake wa kawaida katika miezi michache, lakini kovu lake lipo, na naye ana vipimo vyake mwaka wa kwanza. Usimfiche majibu yako mabaya kwa kumwonea huruma. Atayajua, na atadhani ini lake ndilo lililoshindwa. Mwambie wazi kwamba likitokea la kutokea si kosa lake wala lako. Mimi na kaka yangu tulikubaliana tuulizane habari za vipimo mara moja tu, halafu tuongee mengine, mpira, watoto, shamba la baba. Undugu wetu ulikuwepo kabla ya ini. Ikiwa unaishi Ulaya au Amerika na ulipewa ini la mtu aliyefariki, usiyemjua, hospitali nyingi huko hupokea barua isiyo na jina na kuifikisha kwa familia yake. Wapo waliopumua baada ya kuiandika, hata bila kujibiwa.

Namba ikipanda

Siku moja itapanda. Karibu kila aliyepandikizwa ana hadithi ya ALT iliyoruka. Namba moja peke yake haisemi mengi, daktari hutazama mwelekeo, kwa hiyo jibu la kwanza mara nyingi huwa kurudia kipimo baada ya siku chache. Sababu zinaweza kuwa nyingi: dozi zilizokosekana, dawa nyingine iliyoingiliana na takrolimasi, kirusi, njia ya nyongo kubana, mafuta kwenye ini, ugonjwa wa zamani kurudi, au mwili kuanza kulikataa ini. Hata hilo la mwisho, ambalo jina lake linatutisha kuliko yote, ukilipata miezi ya mwanzo mara nyingi hutulizwa kwa dozi kubwa za steroidi kwa siku chache, na ini huendelea. Ini husamehe kuliko viungo vingi vinavyopandikizwa. Wapo watu waliopitia hayo zaidi ya mara moja na leo wanapeleka wajukuu shule.

Ukipigiwa simu kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, keti kwanza. Chukua daftari uulize: imepanda kutoka ngapi hadi ngapi, kiwango cha dawa kikoje, nibadilishe nini leo, tunarudia lini, na dalili gani ikitokea nisisubiri. Ukishaandika majibu ya maswali hayo, utakuwa na kazi ya kufanya, na mtu mwenye kazi hazami haraka. Kisha mpigie mtu mmoja. Mmoja tu, siku hiyo.

Majibu yakiwa mazuri, usiyapite. Sisi wengi husema alhamdulillahi au asante Yesu mara moja, halafu tunaanza kuiogopa kliniki ijayo jioni ileile. Yape siku nzima. Pika unachokipenda, mpeleke mtoto ufukweni, andika kwenye ukurasa wa daftari kwa wino mwingine. Furaha nayo inahitaji kufanyiwa mazoezi baada ya ugonjwa mrefu.

Huzuni isiyotoka kwako

Prednisoloni, ambayo ni steroidi, hukatisha usingizi, huleta hasira za haraka na machozi yasiyo na sababu. Takrolimasi nayo huweza kuondoa usingizi. Ukiona umekuwa mkali kwa watoto, au unalia ukisikia wimbo wa harusi, huenda ni dozi inayosema, na dozi huwa inapunguzwa kadiri miezi inavyokwenda. Mweleze daktari. Usiipunguze mwenyewe hata kidogo, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla ni hatari. Lakini kama giza limekaa zaidi ya wiki mbili, hutamani kula, hutaki watu, au umeanza kufikiri ingekuwa heri usingefanyiwa upasuaji, hayo yanatibika na yana wataalamu wake. Sonona baada ya kupandikizwa ni jambo linalojulikana vizuri hospitalini. Omba kuonana na daktari wa afya ya akili, na umkumbushe orodha ya dawa zako kabla hajaandika yoyote.

Watu watasema maneno. “Umenenepa, maisha mazuri,” kumbe ni dawa imejaza uso. “Bado unakwenda hospitali? Si ulishapona?” Jibu fupi linatosha: ninaendelea vizuri, na kliniki ndiyo inayonifanya niendelee. Yule atakayekuambia uache vidonge kwa kuwa ameshakuombea au ana mti wake, mpende ukiwa mbali naye. Omba, na umeze. Waliopandikizwa hawajawahi kuambiwa na Mungu wachague kimoja.

Yaliyo mikononi mwako

Ukitaka moyo mtulivu siku ya kliniki, utengeneze siku ambazo si za kliniki. Balungi na danzi, iwe tunda au maji yake, acha kabisa, kwa kuwa hupandisha takrolimasi kwenye damu. Chungwa la kawaida halina neno. Pombe imekwisha. Mahindi na karanga zenye ukungu usizile, sumukuvu huumiza ini. Maziwa yachemshwe, nyama iive, chaza wabichi waachie wengine. Maumivu yakija usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni, zinaongeza mzigo kwa figo ambazo tayari zinavumilia takrolimasi. Ukienda duka la dawa au zahanati yoyote, taja dawa zako kwanza. Erithromaisini na flukonazoli huipandisha takrolimasi, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya sana. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haitufai. Unapopanga safari omba barua ya daktari mapema.

Ramadhani inapokaribia, zungumza na daktari mwezi mmoja kabla. Kati ya futari na daku huku kwetu hazipatikani saa kumi na mbili, kwa hiyo mwendo wa dawa hubadilika. Mgonjwa ana ruhusa ya wazi, na kulisha masikini ni ibada.

Usisubiri vidonge viishe. Weka akiba ya wiki mbili hivi, na ukibadilishiwa kampuni ya dawa mwambie daktari, maana huenda kiwango kikahitaji kupimwa upya. Gharama nazo huondoa amani kuliko ugonjwa. Uliza bila haya ni vipimo vipi vya lazima safari hii na vipi vinaweza kungoja, na beba nakala za majibu usije ukarudia kilichofanywa mwezi uliopita.

Miaka ikienda, hatari hubadilika. Woga hupungua na uzembe huingia. Kijana aliyerudi chuoni, anajisikia mzima, anaanza kuruka dozi za usiku, huyo ananipa wasiwasi kuliko mzee anayeulizia kila namba. Kama ni wewe, tafuta wenzako waliopandikizwa, mpigiane saa mbili usiku. Na panga mambo yanayovuka tarehe ya kliniki: masomo, ndoa, kiwanja, mche wa mwembe. Mwanamke anayetaka kupata mtoto azungumze na daktari kwanza kabisa, kwa kuwa wapo wengi waliojifungua salama baada ya kupandikizwa, ila maikofenoleti, dawa nyingine ya kushusha kinga, huharibu mimba na lazima ibadilishwe mapema.

Mwisho, zijue dalili ambazo hazingoji tarehe: homa ya nyuzi 38 au zaidi, macho kuwa ya manjano, mkojo kukoza rangi na choo kuwa cheupe, mwili kuwasha kupita kiasi, kutapika au kuharisha mpaka dawa haikai, choo cheusi au damu. Homa kwetu husingiziwa malaria, mtu akameza dawa mseto akalala. Wewe usifanye hivyo. Pima malaria, ndiyo, lakini hospitalini, na usiku huohuo. Ukizijua dalili hizi huna haja ya kujigusa paji la uso kila saa, kwa kuwa utajua lipi la kukuamsha na lipi la kuliacha likapita. Ukifika mapokezi, hata kama muuguzi hajawahi kukuona, anza na sentensi hii kabla ya kutaja jina lako: nimepandikizwa ini, ninatumia dawa za kushusha kinga, na nina homa.